Mafuriko ya Jangwani huanzia Pugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu Bonde la Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, jambo ambalo husahaulika kila masika yanapokatika.

Mvua kubwa ikinyesha, sisi wakazi wa Magomeni tunajua kitakachofuata. Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, mabasi yaendayo kasi yanasitisha safari, na aliyekwenda Kariakoo anabaki huko hadi maji yapungue. Desemba 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo mjadala wetu umekuwa wa Jangwani tu: nani ahame, nani alipwe kiasi gani, daraja liinuliwe vipi. Hayo ni ya lazima, na ninauunga mkono mradi wa kuendeleza bonde hilo, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022. Hofu yangu ni mchanga.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Miti inapokatwa huko juu, na viwanja vinaposafishwa kwa tingatinga kabla ya kuchimbwa hata mfereji mmoja, udongo wa kichanga hubaki wazi na kuteremshwa na mvua ya saa chache. Wachimbaji wa mchanga nao humega kingo, na mvua inayofuata humalizia kazi yao, wakati mwingine pamoja na nyumba ya mtu. Maji hayo yakifika Jangwani, kwenye tambarare, kasi yake hupungua na mzigo wote hutua. Daraja halikushuka, ni kitanda cha mto kilichopanda.

Kisha kuna bahari. Mvuvi yeyote wa pwani yetu anajua kwamba wakati wa bamvua, maji yakijaa, mto hauna pa kujimwaga pale Daraja la Salenda, unapoingia baharini, na mvua ikiangukia saa hizo hurudi kwenye vyumba vya watu. Usawa wa bahari unapanda kwa sababu ya kuongezeka kwa joto duniani, kwa hiyo nafasi ya mto kutoa maji itazidi kuwa finyu. Mikoko iliyosalia mdomoni pale haifai kuguswa kabisa.

Tukizoa mchanga Jangwani na kuiacha Pugu ilivyo, tutauzoa tena na tena, kwa fedha ya mkopo. Ugumu ni kwamba bonde hili limegawanyika: Kisarawe iko Mkoa wa Pwani, ilhali Ilala, Ubungo na Kinondoni ziko Dar es Salaam, na lori la mchanga linalozuiwa upande mmoja hupakia upande wa pili. Naziomba halmashauri hizo nne ziwe na sheria ndogo moja ya uchimbaji mchanga na ukataji miti, na chombo kimoja cha kuisimamia.

Ramani tunazo. Tangu 2015, kupitia mradi wa uchoraji ramani wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora mifereji na maeneo yanayofurika katika kata nyingi za jiji. Zibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa bondeni, ili anayetaka kununua kiwanja azione kabla ya kutoa fedha yake.

Mkazi wa Magomeni,
Dar es Salaam