Shukran ami wa kahawa wa Mji wa Kale
Jamani nataka kumshukuru yule ami muuza kahawa tuliyekutana naye jumamosi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa. Tumetoka Fort Jesus na wageni wangu wa bara, jua kali, watoto washachoka, nami nataka waone Msikiti wa Mandhry ule wa mwaka 1570 lakini kila kichochoro chaturudisha palepale. Ami akaliacha dele lake (birika la kahawa) kwa jamaa wa duka akatupeleka mwenyewe, njiani atuonyesha milango ya nakshi na roshani za mbao, asema hizi haziangaliwi mbio, simameni, na kweli bana. Akaanza habari za ngome, Wareno walivyoijenga kuanzia 1593 halafu Waomani wakaja kuizingira 1696 mpaka 1698, yaani alivyokuwa akieleza ungedhani alikuwako! Pesa akakataa katakata, labda mnunue kahawa, basi tukanunua na kashata juu (ile kahawa tungu yake, chungu kwelikweli, si mchezo, shemeji alikunja uso lakini akaongeza kikombe). Ami shukran sana, Mungu akuzidishie. Anayemjua amfikishie salamu, wageni wasema wakirudi wamtaka yeye tu, mimi washanitupa.