Wanangu mabodigadi, chungeni kidole

Habari zenu wanangu, poleni na kazi. Kama uko lindo sasa hivi weka simu mfukoni, hii utaisoma nyumbani.

Mzee wenu nimestaafu ila video zenu za renji, pale mnapofanya mazoezi ya shabaha, huwa nazitazama, mnalenga vizuri sana, karatasi inatoboka katikati, hongereni. Lakini ile karatasi haikurudishii risasi, na pembeni yake hakuna mama anayekimbia na mtoto mgongoni, ndo maana nina wasiwasi na nyie.

Siku moja namshusha bosi getini kwake, tairi la lori likapasuka barabarani. Kabla sijajua ni nini bastola ishatoka, mkono wa kushoto nimemkamata bosi shati mgongoni namvuta ndani. Ule mlio niliusikia kwa mbali kama mtu kabamiza mlango nyumba ya pili. Macho yangu yaliona lori tu, mtoto wa bosi alikatiza mbele yangu pale pale na sikumwona kabisa, niliambiwa baadaye. Nilipotazama mkono wangu, kidole kilikuwa ndani, juu ya triga, ile ya kufyatulia, na sikumbuki kukiweka. Usiku ule sikulala.

Mwili ukishtuka unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, vidole vinatetemeka na vinakuwa vizito, unaona kama unachungulia kwenye bomba. Kutoa sefti, ile kufuli ya usalama ya bastola, au kubadili magazini ya risasi, vitu unavyofanya umefumba macho kila siku, vinakuwa vigumu ghafla. Na kuna hili ambalo kwetu ni baya zaidi, mkono mmoja ukikaza kwa nguvu na ule mwingine unakaza wenyewe. Askari wa kawaida mara nyingi mikono yake yote miwili iko kwenye silaha, sisi mmoja umeshika mtu, tena umemshika kwa nguvu zote, sasa kama kidole cha mkono wa pili kiko kwenye triga, risasi inaweza kutoka bila wewe kuamua, na aliye karibu na mtutu ni huyo huyo unayemlinda au mwenzako.

Msione ni woga, hata shujaa silaha inaweza kumgomea. Inspekta James Beaton alikuwa anamlinda Princess Anne wa Uingereza, tarehe 20 Machi 1974 mtu mwenye silaha akaizuia gari yao pale The Mall, London. Beaton akashuka, akapigwa risasi ya bega, akajibu moja ikakosa, halafu bastola yake ikakwama. Mtu shujaa kabisa huyo, alipigwa risasi 3, na silaha ilipomgomea akatumia mwili wake kumkinga Anne, na Anne hakuumia.

Halafu tazameni 30 Machi 1981, Washington, Rais Reagan wa Marekani anatoka hotelini. Mtu mmoja akapiga risasi 6 ndani ya sekunde 2 hazijafika! Bodigadi wake Tim McCarthy akageuka kifua wazi kuelekea kwenye risasi, moja ikampata yeye, bodigadi mwenzake Jerry Parr akamsukuma rais ndani ya gari wakaondoka, na njiani alipoona damu mdomoni mwa rais akaamuru gari iende hospitali. Hakuna bodigadi aliyefyatua hata moja, na rais alipona. Mimi nikiwafundisha vijana naanzia hapo, kinga, mtoe, ondoka, bastola baadaye kama hakuna njia nyingine.

Sasa ninachowaomba. Kidole kinakaa nje, kimenyooka ubavuni mwa silaha, mpaka umemwona wa kumpiga na umeamua. Lizoeeni hili mkiwa mnahema, kimbieni kwanza, pigeni pushapu, mmoja awe bosi umkamate mkanda umburute huku mkono wa pili una bastola ya plastiki, na mwenzenu wa tatu akitazame kidole chako tu, awe anakupigia kelele kila kikiingia. Mtashangaa kinavyoingia. Fanyeni hivyo kila wiki, nusu saa inatosha, ni bora kuliko maboksi ya risasi mnayomaliza mmesimama tuli.

Na kulala jamani, mtu aliyeunga shifti mbili asipewe silaha, kiongozi wa timu akatae hata kama bosi atanuna.

Aliyewahi kukuta kidole chake ndani kama mimi na akanyamaza, amwambie kiongozi wake leo, asisubiri kesho. Mimi nilinyamaza miezi, na miezi yote hiyo wenzangu walikuwa wanatembea mbele ya mtutu wangu hawajui.

Mzee wenu