Barua ya wazi kwa vijana wa Lubumbashi wanaohukumu riwaya kabla ya kuimaliza

Watoto wangu,

Ninawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Katika kikao chenu cha wasomaji, mmoja wenu alisimama akasema kwamba Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila haimfai kijana mwenye heshima, kwa kuwa imejaa makahaba, walevi na wachimbaji wa madini, na kwamba mtu aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981 hakupaswa kuuaibisha mji wake mbele ya Wazungu. Mlimpigia makofi. Nilipomuuliza riwaya hiyo inaishaje, alijibu kwamba alikuwa amesoma kurasa za mwanzo na muhtasari katika simu. Jibu lake lilinisikitisha, lakini makofi yenu ndiyo yaliyonikera zaidi.

Mji wa riwaya ile, iliyotoka mwaka 2014, hauitwi Lubumbashi. Ni mji uliojitenga na nchi yake, wenye jenerali muasi, migodi, na kituo cha treni ambacho vyuma vyake havikumalizwa kujengwa. Ikiwa mliutambua mji wetu bila kutajiwa jina lake, basi kamlalamikieni yule aliyeufanya ufanane hivyo, ambaye nadhani si mwandishi. Mimi pia kuna mahali kitabu hicho kiliponichosha: zile orodha ndefu za watu wanaoingia baa, na lile swali la wasichana wanaouliza saa, ambalo hukatiza mazungumzo tena na tena hadi msomaji anatamani kuwajibu mwenyewe. Lakini nilipoendelea nilielewa kwa nini liko. Lucien ni mwandishi anayetafuta utulivu wa kuandika, na katika baa ile hakuna anayeachwa amalize wazo lake bila mtu kumuuzia kitu. Requiem, rafiki yake wa zamani, amekwisha kuacha kutafuta utulivu wowote na anaishi kwa ujanja na wizi. Si mtu mwema, wala mwandishi hakuwaomba mmpende. Anayekihukumu kitabu hicho kwa kurasa za mwanzo ni sawa na anayelaumu bukari, yaani ugali wetu, ilhali maji hayajachemka.

Najua tabia hii ilianzia wapi, na kosa si lenu peke yenu. Shuleni tulizoea kuwapa watoto vipande vya riwaya, ukurasa mmoja au miwili iliyochaguliwa, na chini yake swali: kifungu hiki kinatufundisha nini? Mtoto anafika chuo kikuu akiwa amekutana na waandishi wengi bila kumaliza kitabu cha hata mmoja wao, na anaamini kwamba kila mhusika lazima awe mfano wa kuigwa. Nyumbani nako familia hupata fedha za vitambaa vya sare za harusi, lakini mtoto akiomba fedha za kitabu anaambiwa asubiri mwezi ujao. Halafu tunashangaa vijana wakijadili muhtasari.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapwa mwaka 1971, ilipata balaa hilohilo. Kwa muda ilizuiwa katika shule za Tanzania, kwa kuwa wakubwa waliona ndani yake binti anayeharibika. Sijui walimsomaje Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, na kumlea katika woga kiasi kwamba, anapotoka mikononi mwake, hajui namna ya kujilinda na mwanamume yeyote. Kwangu mimi kitabu hiki kinawashtaki wazazi, na ndiyo maana wazazi hawakukipenda. Msiniambie kwamba Kiswahili chake ni kigumu, maana nyimbo za Dar es Salaam mnaziimba neno kwa neno.

Wala sisemi kwamba msilaumu riwaya. Mwaka 1975, Chinua Achebe alisimama katika chuo kikuu kimoja cha Marekani akamlaumu vikali Joseph Conrad, kwa jinsi alivyoandika juu ya watu wa mto wetu wa Kongo katika riwaya yake Heart of Darkness. Aliweza kuonyesha sentensi baada ya sentensi, kwa sababu alikuwa amekisoma kitabu. Mkilaumu hivyo, nitakaa nyuma niwasikilize, hata kama mnamlaumu mwandishi ninayempenda.

Mwandishi huyo ni V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025. Katika Entre les eaux, riwaya yake ya mwaka 1973, padre Pierre Landu anajiunga na waasi. Anayeishia katikati atadhani amesoma mwito wa kushika bunduki, kumbe Landu anamaliza safari yake katika utawa, akiwa hana amani huko pia. L'Écart, riwaya yake nyingine, ni ngumu zaidi, iacheni kwanza.

Vingine nitavitaja tu. Someni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, kwa ajili ya Yasmin na Denge. Someni Une si longue lettre ya Mariama Bâ, hasa ninyi wavulana. Someni Les Misérables. Victor Hugo anapoanza kueleza vita vya Waterloo nawaruhusu kuruka kurasa, mradi mrudi baadaye.

Nakala yangu ya Tram 83 nimemwachia katibu wenu, pamoja na Rosa Mistika. Kila msomaji ana majuma mawili, na asikunje kurasa. Yule kijana aliyesema siku ile awe wa kwanza kuichukua, kisha katika kikao kijacho azungumze tena. Akiwa bado anaichukia, atueleze kuanzia ukurasa gani.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa Kamalondo