Barua kwa Mwanangu: Waache Waijenge Bendera kwa Mikono Yao

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, nami bado niko na cherehani yangu.

Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba watoto wa darasa lako la PP2, mwaka wa pili wa chekechea, watafundishwa bendera ya Kenya kabla ya sikukuu ya Mashujaa, na kwamba mmepewa fotokopi za kupaka rangi, nimekuwa nikiliwaza jambo hilo. Naomba hizo fotokopi uziweke kando. Mtoto akipewa bendera iliyokwisha kuchorwa, kazi yake ni kujaza tu. Mwache aijenge.

Mimi ni fundi wa nguo, kwa hivyo naanza na vipimo. Kata manila, ile karatasi ngumu, ya sentimita 30 kwa 20. Kisha kata tepe kwa upana wa sentimita: nyeusi 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Jumlisha uone, ni 20 kamili. Zile nyeupe ndizo zitakazowasumbua. Utepe wa sentimita moja unajipinda, unang'ang'ania vidole vyenye gundi, na wengine watataka kuuruka. Wasiuruke, na usiwabandikie. Atakayehangaika nao mpaka unyooke, ukimwambia kuwa nyeupe ni amani, atakuelewa.

Ngao ije mwisho, katikati, na mikuki miwili iliyopishana nyuma yake. Manila ikiwa ghali, tumia nafaka: njahi kwa nyeusi, maharagwe mekundu, ndengu kwa kijani, na mchele kwa zile nyeupe. Njahi ina kimstari cheupe ubavuni. Waache wakigundue na wakigeuze chini wenyewe.

Nyeusi ni sisi wananchi, hapo hakuna shida. Kwenye nyekundu watakuuliza ni damu ya nani. Usikwepe. Waambie kuna watu waliotaka nchi hii iwe yetu, wakaingia msituni kupigana, na wengi hawakurudi. Jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao wa Mau Mau, walijue sasa; habari ya kunyongwa kwake katika gereza la Kamiti mwaka 1957 ingoje wakue kidogo.

Kijani ni ardhi na mali yake. Mtoto aliyezaliwa ghorofani mtaa wa Pipeline, hapo Nairobi, huenda shamba analolijua ni sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia. Anza na gunia hilo hilo.

Chini ya bendera kila mmoja aandike sentensi yake, si ya kunakili ubaoni. Akiandika "kijani ni sukuma ya mama", iache. Herufi zikigeuka, mwandikie neno sahihi pembeni, lakini lake lisifutwe.

Mkipata basi, wapeleke bustani ya Uhuru Gardens, pale Lang'ata Road, Nairobi. Hapo ndipo bendera yetu ilipopandishwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, ya Waingereza ikateremshwa. Wasimulie pia kwamba Kisoi Munyao aliipeleka juu Mlima Kenya, akaisimamisha kwenye baridi ile. Watoto hupenda sana kisa cha mtu aliyepanda mlima.

Kazi zao zikikauka, zitundike juu, zisikanyagwe, kisha kila mtoto aende na yake nyumbani.

Nimekutengea mfuko wa mabaki ya vitambaa: nyeusi na nyekundu ni tele, kijani ni kidogo, ukipata nyingine ongeza. Pita Jumamosi uuchukue. Makasi usinunue yenye ncha.

Baba yako