Saratani changa ya utumbo: kina pekee kisimpeleke mgonjwa kwenye upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie uamuzi unaowatatiza wagonjwa wengi: polipu, yaani kinyama kilichoota ndani ya utumbo, imekwisha kuondolewa kwa kamera ya utumbo, majibu ya maabara yanaonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na saratani changa, kisha daktari anasema sehemu ya utumbo mpana nayo ikatwe. Mgonjwa huuliza, na ana haki ya kuuliza, kinachofuatwa huko ni nini ikiwa uvimbe umekwisha kutoka.

Kinachofuatwa ni tezi za limfu, yaani vinundu vidogo vya kinga ya mwili, zilizo kando ya utumbo. Saratani ikiishia katika utando wa juu, kuiondoa kwa kamera kunatosha. Ikipenya hadi tabaka la chini ya utando huo, hukutana na mishipa ya damu na ya limfu, na hapo takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huwa na saratani katika tezi, mahali ambapo kamera haifiki. Kwa hiyo tukiwapasua wote, walio wengi watakatwa utumbo na tezi zao zikutwe safi.

Kuwatambua walio hatarini ni kazi ya darubini. Mtaalamu wa patholojia huangalia kama chembe za saratani zimeingia katika mishipa, kama zimepoteza umbo la chembe za utumbo, kama ukingo wa mkato una saratani, na kama mbele ya uvimbe vipo vichipukizi, yaani chembe moja moja au vikundi visivyozidi chembe 4 vilivyojitenga. Kwa miaka mingi kina cha milimita 1 au zaidi cha kupenya kwa saratani chini ya utando nacho kimehesabiwa kuwa sababu tosha ya upasuaji, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokishika kipimo hicho kama amri. Uchambuzi wa tafiti za karibuni unaonyesha kwamba saratani iliyopenya kina hicho bila dalili nyingine mbaya hufika kwenye tezi kwa wagonjwa 2 au 3 tu kati ya 100. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, hatari ya kufa kwa upasuaji wenyewe inaweza kuizidi hiyo. Na uvimbe ukiwa chini kwenye puru, huenda akaishi na mfuko wa kinyesi. Mishipa ikiwa imeingiliwa, hata hivyo, sioni sababu ya kusita kwa mtu anayeweza kustahimili kisu.

Hukumu hii yote yahitaji kipande kilichotolewa kizima, kwa kuwa kikitolewa vipande vipande ukingo hausomeki sawasawa na kina ni vigumu kupimika. Daktari anayeshuku saratani kabla ya kukata afadhali asubiri, ampeleke mgonjwa kwa mwenye ujuzi wa kuitoa nzima.

Ninachopendekeza ni kwamba ripoti ya maabara itaje kila dalili kwa jina, mgonjwa apewe nakala, na aketi na daktari wa kamera pamoja na wa upasuaji kabla ya kuamua. Asiyepasuliwa aendelee kufuatiliwa kwa miaka kadhaa kwa kamera na, inapohitajika, kwa picha za CT.

Wako,
Msomaji