Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi, wahitimu na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Karibu sana shuleni kwetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, likizo ya Juni mwaka jana mwenzetu alipigwa picha akiwa amelala. Ikaandikwa maneno ya dhihaka, ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Shule ilipofunguliwa, hakuonekana kwa wiki mbili. Tulioicheka na kuisambaza, baadhi yetu tumesimama hapa mbele yako. Tulimwomba radhi, na kwa ruhusa yake tukaanza kutengeneza matangazo ya sauti ya kuelimisha jamii.

La kwanza lilitushinda. Tulichukua kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachokataza unyanyasaji wa mtandaoni, tukakisoma kama hati ya mashtaka. Wenzetu walisikiliza, wakatawanyika. Tukalifumua lote, likabaki sekunde 40: mlio wa ujumbe kuingia, kicheko, mlio tena, kicheko, kisha sauti ya msichana, polepole, "Na mimi nimo kwenye hili grupu." Tulipolipiga paredi, uwanja ulinyamaza.

Kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, tunarekodi kwa simu ya mwalimu wetu mlezi, ndani ya stoo ya vitabu, tukiwa tumetundika mablanketi ya bweni ukutani kuzuia mwangwi. Hatulalamiki, humo ndimo tulimojifunza kuandika sentensi fupi.

Tangazo la pili tuliwalenga wazazi wetu. Kila mmoja hapa ameshapata ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii." Mama lishe wa hapo getini alitueleza kwamba aliwahi kutuma elfu themanini, akidhani anamlipa mwenye mchele. Tukaandika: "Namba hiyo usiitumie hela. Iripoti 15040." Yeye mwenyewe ndiye aliyeingiza sauti, na tunaamini hakuna mwigizaji ambaye angeyasema maneno hayo vizuri kumzidi. Mwisho wa kila tangazo tumeweka pia 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, kwa sababu mtoto anayetishiwa kusambaziwa picha zake mara nyingi huogopa kumwambia mzazi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna upungufu wa kinasa sauti na kompyuta ya kuhariria. Lakini ombi letu kubwa ni utufikishie matangazo haya kwenye redio ya jamii ya wilaya yetu, yasikike sokoni na kwenye daladala, kwa watu wasiofika kwenye paredi yetu.

Kwa ruhusa yako, sasa tunaomba dakika mbili uyasikilize yote mawili.

Tunaomba kuwasilisha.