Nimerudi kwa mama mboga

Zimmerman, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanaisha wangu,

Salamu sana, zako na za nyumba nzima. Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja niliusikiliza kwenye matatu, nikaurudia jikoni nikichambua omena. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana tukipigiana tutacheka tu, salio litaisha, na ulichoniuliza kitabaki pale pale. Usiicheke anwani hapo juu. Barua ya kirafiki bila anwani tulikuwa tunakatwa alama mbili, nami bado naogopa.

Umesema kilo 12 ulizozifukuza zimerudi, na zimekuja na wageni wawili. Halafu ukaniuliza: "Wewe Mutheu, hamu ya kupungua uliipata wapi tena?"

Sikuipata, mwenzangu. Ile hamu ya kwanza haijarudi mpaka leo, na nilipoteza karibu mwaka mzima nikiingoja.

Unaikumbuka 2022? Nilianza na kilo 94. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa Desemba na gauni la kijani lilikuwa limeshashonwa kwa vipimo vya matumaini. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa lango la Karura la upande wa Kiambu Road na wenzangu sita, raba zetu mpya zinang'aa. Msitu ule Wangari Maathai alipigwa kichwani mwaka 1999 akiutetea usikatwe viwanja, na mimi humo ndani nalalamikia kamlima! Lakini nilikwenda. Chapati nikiiona nilikuwa nasonya. Usiku saa nne, simu ikiniambia hatua zangu ni 8,700, nilizunguka meza ya sebuleni hadi zitimie 10,000, mume wangu ananitazama kama mtu aliyerogwa. (Juzi ndipo nimejua kwamba hiyo 10,000 haikutoka kwa daktari. Ilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na jina lake lilimaanisha tu "kipima hatua elfu kumi". Nilikuwa nazungushwa meza na tangazo la biashara.)

Desemba nilikuwa 77. Gauni lilinikaa ukaniambia nimekuwa kama niliyemezwa na kutapikwa upya. Mashangazi wa Machakos hawakufurahi hata kidogo. Mmoja alinivuta kando karibu na sufuria za pilau akaniuliza kwa kunong'ona kama nimepimwa.

Halafu 2024 mama akaanguka akavunjika nyonga. Hiyo unaijua, sitaisimulia tena. Miezi ya kulala kwenye benchi, na chakula ni kile cha vibanda vya langoni: chai ya maziwa, mandazi, chipsi saa tatu usiku. Mama alipoanza kutembea na mkongojo, mimi nilikuwa nimefika 88. Kilo hazibishi hodi. Nilitoa betri za mizani nikazitia kwenye rimoti. Na mashangazi walipokuja kumtazama mgonjwa walinikumbatia kwa furaha: "Sasa umerudi kuwa mtu!"

Sasa nikwambie kilichoniharibia hasa, na si mandazi.

Pale kwenye kona yangu kuna mama mboga, yule aliyekukatia sukuma ulipokuja ukaogopa kisu chake. Mwaka ule nilipokuwa napungua, yeye ndiye aliyekuwa redio yangu. Kila jioni: "Madam, unaisha! Unakula nini, hizi hizi mboga zangu?" Ananikatia managu na terere, anatupia karoti moja ya nyongeza, anawaambia wateja wengine wanitazame. Niliporudi kunona, haya zilinishika. Sikuweza kupita mbele yake. Kwa hiyo nikishuka Roysambu nikaanza kupanda boda, shilingi 50, nimwambie apitie njia ya nyuma. Na njia ya nyuma, Mwanaisha, ndiko aliko yule kijana wa chapati, anazitoa moto kwenye kikaango, na madondo pembeni. Nilikuwa nanunua tatu. Nyumbani mboga hakuna, maana mboga zina mwenyewe na mwenyewe namkimbia.

Mama mboga hakuwa peke yake niliyemkimbia. Kile kikundi cha Karura nilikizima sauti kwenye simu. Askari wa ofisini aliyezoea kuniona nikipanda ngazi alinitania siku moja, "Madam, siku hizi ni lifti?" Tangu hapo naingilia mlango wa maegesho. Wote waliowahi kunipongeza niliwakwepa, na wao ndio waliokuwa wamenishika mkono. Uvivu sikuwa nao, amini usiamini. Kujificha kunachosha kuliko kutembea.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa Tom Mboya Street nasubiri mvua ipungue, na pale chini ya veranda kuna mmoja wa wale vijana wenye mizani ya kupimia wapita njia. Shilingi 20. Sijui kilichonipandisha. Labda kwa sababu hanijui. Akasoma kwa sauti, bila aibu, kama kondakta anayetaja nauli: "Tisini na moja!" Mzee aliyekuwa nyuma yangu akasema afadhali yake, yeye atakuwa mia. Tukacheka, mvua ikakatika, nikaenda zangu. Hakuna aliyekufa.

Wiki ile ile nikaenda kituo cha afya. Presha 148 kwa 94. Muuguzi akanipeleka kwa dada wa lishe, msichana mdogo tu, nikajua leo nitasomewa hukumu. Hakunisomea. Aliniuliza kwanza mama anaendeleaje. Kisha akaninyooshea jambo ambalo natamani ningelisikia mapema. Mtu akipungua, mwili haujui kama amefanya hivyo kwa ajili ya harusi. Unadhani ni njaa. Homoni ya shibe, leptini, inashuka. Ile ya njaa, grelini, inapanda. Australia waliwafuatilia watu waliopunguza uzito kwa chakula kidogo sana kwa wiki kumi, matokeo yakachapishwa mwaka 2011: mwaka mzima baadaye, homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na watu walikuwa bado wana njaa kuliko mwanzo. Marekani nao, mwaka 2016, walieleza habari za watu 14 waliopunguza kilo nyingi kwenye shindano la televisheni. Miaka sita ilikuwa imepita, wengi walikuwa wamenona tena, na bado miili yao ilikuwa inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hizo ni kama chapati mbili hivi, kila siku.

Nikamwambia basi si nife tu. Akacheka. Akasema wale walipungua kwa fujo, wewe usijitwike ugonjwa wa watu wa televisheni. Alitaka nielewe tu kwamba ile njaa ya usiku niliyokuwa naiita ulafi ina jina na ina sababu. Kisha akapiga hesabu kwenye karatasi: asilimia tano ya kilo zangu ni kilo nne na nusu, na hizo peke yake zinatosha kuanza kuisaidia presha. Hakutaja 77 hata mara moja. Kwake sikulia. Nililia kwenye matatu, siti ya dirishani, na mwenzangu wa kiti akajifanya anasoma mabango ya Thika Road.

Siku iliyofuata nilishuka Roysambu, boda akaniita kama kawaida, nikamwambia leo hapana. Nikapita njia ya mbele. Moyo unanidunda kama naenda kudai deni. Mama mboga alikuwa ameinama anapanga nyanya, akainua macho, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, vizuri kabisa, hakuficha. Nikangoja.

"Sukuma nikukatie ya ngapi?"

"Ya thelathini."

Basi. Akakata. Aliponipa mfuko ndipo akauliza kama nilikuwa nimehama. Nikamwambia sikuhama, nilinona nikaona haya kukuona. Akasema wateja wake waliohama kweli ni wengi, na wawili wameondoka na deni lake, kwa hiyo mimi si tatizo. Karoti yangu ilikuwamo ndani.

Tangu siku hiyo mambo ni ya kawaida sana, hata nikikusimulia utapiga miayo. Natembea kutoka steji hadi nyumbani, dakika 20, siku tano. Jumamosi natembea saa nzima, peke yangu au na binti yangu akikubali kuacha simu. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, kwa hiyo ukijumlisha natimiza na kubaki na chenji. Ile 50 ya boda inanunua mboga. Ugali sijauacha, ukiniona nimeacha ugali niombee. Nimepunguza kipande na kuongeza managu mpaka sahani inaonekana ya mbuzi. Chapati ni Jumapili, na nazipika mwenyewe, maana nikiona mafuta yanavyoingia mkono unakuwa mzito. Maji yakikatika, na wajua huku yanavyokatika, napandisha mitungi ya lita 20 hadi ghorofa ya nne, na jimu wananitaka elfu nyingi nikafanye hivyo hivyo.

Aprili mvua ilinishinda. Matope ya Zimmerman unayakumbuka, yalikula kiatu chako. Wiki mbili nilipanda boda na kula nilichokikuta. Zamani ningesema nimeanguka, basi, tuanze tena Januari. Safari hii kulipokauka nikatembea. Sikutangaza.

Nimefika 87. Wiki tatu sasa mizani haijasogea, betri nimezirudisha na mume wangu amenunua za rimoti. Presha juzi ilikuwa 134 kwa 86. Siku nyingi sina hamu yoyote, nashuka tu kwenye matatu miguu ikaelekea njia ya mbele, kwa sababu huko ndiko sukuma iliko.

Sasa wewe. Dakika ya tisa ya ujumbe wako, katikati ya habari za shemeji na friji, ulisema jambo ukalipita haraka. Nililirudisha nyuma mara tatu. Ulisema siku hizi huendi tena kutembea ufukweni Mama Ngina jioni kwa sababu yule muuza madafu alizoea kukuita "bingwa", utamwambia nini. Ukacheka. Mimi sikucheka. Ulinieleza pia umebadilisha msikiti wa Ijumaa, ukasema ni mambo ya maegesho. Mwanaisha, wewe huna gari.

Sikwambii uache mahamri na mbaazi za nazi, nani atakusikiliza, hata mimi nikija nitayataka. Nenda ukapimwe presha, hilo ni la lazima na silitanii, marehemu mama yako unajua yaliyompata. Halafu jioni moja, hata ukiwa na buibui la nyumbani na bila raba, nenda ukanywe dafu. Usitembee. Kanywe dafu tu, yeye akuone na wewe umwone, urudi.

Umesema utakuja Agosti kwa treni. Ukikaribia Syokimau nipigie, nitakuja kukuchukua, na usibebe mzigo wa achari kama mara ile, mafuta yalinimalizia begi. Tutapitia kwa mama mboga kabla ya kupanda nyumbani. Nimeshamwambia kuna mtu wa Mombasa anayedai sukuma za Nairobi ni chungu. Amenoa kisu, anakungoja.

Wako wa siku zote,
Mutheu